Prosesa ya Baba Mkwe

Fundi Ambilikile alipanga prosesa tatu juu ya kitambaa cheusi, akaniambia nichague kwa utulivu. Utulivu! Nilitamani kumrushia zote tatu.

Prosesa yangu ilikuwa imeungua asubuhi hiyo, na zamu yangu ya Akiba ilikuwa inaanza mchana. Kwenye milima ya Uporoto mvua ilikuwa haijakatika tangu wiki iliyopita. Chini ya milima ile watu walikuwa wanachimba handaki la reli, na wakifukiwa, wa kwanza kuitwa kwa upande wetu wa Mbeya ni mimi. Sasa huyo anayeitwa kwanza alikuwa sokoni Mwanjelwa, kwenye kibanda cha fundi, anachagua prosesa kama anachagua nyanya.

Niseme wazi kazi yangu ni ipi, maana hata mama yangu mzazi huwaambia majirani kwamba nacheza gemu. Ni kweli nacheza. Gemu lenyewe linaitwa Fukua. Unaendesha fuko, mashine ndefu yenye makucha, unapenya kwenye udongo na miamba kumtafuta aliyefukiwa. Wachezaji wazuri huandikishwa Akiba, kikosi cha uokoaji. Siku ya ajali picha ya gemu hukatika, inakuja nyingine inayofanana nayo kabisa, ila huyo fuko ni wa chuma kweli na hao watu wana mama zao. Kwa hiyo kompyuta yangu lazima iwe na mbio za gemu, na papo hapo ihesabu uzito wa kila jiwe ninalolisogeza. Ikichelewa kidogo kwenye gemu, unapoteza pointi. Ikichelewa handakini, dari inashuka.

"Hii ya kwanza," fundi alisema, "ina viini vichache lakini vina mbio. Kumbukumbu yake iko karibu, kama mpishi aliyeweka chumvi mkononi. Ya gemu hasa."

"Mahesabu ya mawe itayaweza huku nachimba?"

"Itayaweza. Utasubiri kidogo tu."

"Sina kidogo, fundi."

"Basi hii ya pili. Viini tele. Mahesabu, ramani, video, ipe tu. Ila haina papara, dada. Mkono wako utatangulia, yenyewe itafuata."

"Na ya tatu?"

Akacheka. "Ya tatu nimeiweka upate kuiona. Imeshachukuliwa. Iliyofunzwa hiyo."

Prosesa yoyote hukisia. Haingoji umalize kuamua. Inabashiri utakachofanya, inaanza kabla yako, na ikikosea inafuta na kuanza upya. Zile zilizofunzwa zimekaa miaka kwenye mkono wa mtu mmoja. Mfunza anavaa glavu, anafanya kazi zake za kila siku, na prosesa inajifunza binadamu hufanya nini baada ya nini. Ikikomaa, haihitaji kuchagua kati ya mbio na wingi wa viini, kwa sababu nusu ya kazi imeshaikisia. Wafunza wenyewe hawafiki hata kumi nchi nzima. Mmoja alikuwa baba mkwe wangu, na alikuwa amefariki mwaka uliopita.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye ile ya pili mume wangu, Lugano, alipoingia amelowa chapachapa. Mkononi alishika kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kitenge cha mama yake.

"Usinunue, Tuse," alisema huku anahema. "Mama amekubali. Ameitoa."

Fundi alifungua kitenge. Alipouona muhuri nyuma ya prosesa alipiga mluzi, akataja jina la mzee kwa sauti, na mimi nikageuza uso kama nilivyozoea.

"Hii ndiyo ya mwisho aliyoifunza?" aliuliza.

"Ya mwisho," Lugano alisema. "Mama ameiacha inawaka mwaka mzima kwenye kompyuta ya baba. Alikuwa anakaa pale anasikiliza feni yake. Leo nimemwambia kuna watu huko handakini. Akasema mpeni kazi, mwenyewe alikuwa hapendi kukaa bure."

Ningesema nini? Ningemwambia mama mkwe hapana?

*

Kwetu mkamwana na baba mkwe hukwepana. Wengi wameiacha desturi hiyo. Mzee hakuiacha, na mimi niliingia kwenye boma lake pale Uyole nikiwa binti mwenye adabu. Sikulitaja jina lake. Sikumtazama usoni. Nikitaka kupita uani nilikohoa kwanza, naye akiwa kazini na glavu zake alinyanyua mikono, akageukia ukutani, akangoja hadi nipite. Hakuwahi kunikasirikia kwa kumkatisha kazi. Nikiwa na neno nilimwambia Lugano, Lugano akampelekea, na jibu likarudi njia hiyohiyo. Mgongo wa yule mzee naujua kuliko ninavyozijua sura za wajomba zangu. Na nilimpenda, niseme ukweli, kwa jinsi mtu anavyoweza kuupenda mgongo.

Tulipofika nyumbani kwetu, Lugano aliipachika prosesa kwenye ubao wa kompyuta yangu, akapaka ile dawa ya kupitisha joto, akafunga feni. Kompyuta iliwaka bila kelele. Akaketi kujaribu Fukua, yeye ambaye huwa anafukia watu badala ya kuwafukua, na mara fuko akawa anateleza kwenye mwamba kama samaki. Mahesabu ya mizigo yalikuwa yanashuka pembeni ya kioo bila kukwama hata mara moja. Lugano aliangua kicheko, halafu machozi yakamtoka, na wala hakuyafuta.

"Ni yeye," alisema. "Tazama anavyozunguka jiwe. Ni baba kabisa."

Nilikuwa mlangoni. Niliingia, nikamshika bega.

Fuko akasimama.

Picha haikukatika. Kila kitu kilikuwa kinawaka, ila makucha yalinyanyuka juu na kutulia hivyo. Nilimwambia Lugano anipishe, nikaketi, nikasukuma. Fuko alijikokota kama amefungwa mawe miguuni. Nikatoka kwenda kuchukua simu, na nilipokuwa ukumbini nikamsikia Lugano akisema, "Ehe, imeamka." Nikarudi. Ikalala tena.

Nilishajua kabla sijampigia fundi.

"Inakukwepa, dada," Fundi Ambilikile alisema baada ya kunisikiliza. Hakuwa anatania. "Prosesa hizi zinajifunza na nyumba nzima, si mkono tu. Zina sikio na jicho. Miaka yote ukikohoa, ukipita, mzee ananyanyua mikono. Imejifunza kwamba wewe ukiwepo, kazi inasimama."

"Nizibe jicho na sikio."

"Kikisio, ile sehemu inayobashiri, kitalala."

"Kilale! Nitachimba na viini vitupu."

"Hivyo viini viko wapi? Vyote vimekaliwa na mafunzo yake. Mzee akilala, analala navyo."

Lugano alikuwa anasikiliza, simu iko kwenye spika. "Hakuna njia nyingine?" aliuliza.

"Ipo ya kufuta. Ukifuta, unapata prosesa ya viini tele, nzuri tu, kama ile niliyomwonyesha dada. Lakini hayo mafunzo hayarudi, kaka. Hayanakiliki, yamejichora kwenye viini vyenyewe."

"Hatufuti," Lugano alisema.

"Basi njooni mchukue ile ya pili," fundi alisema. "Nawawekea."

Nilikuwa navaa viatu king'ora cha Akiba kilipolia.

*

Handaki lilikuwa limeporomoka kwa ndani. Dereva mwingine wa fuko, wa Tukuyu, alikuwa amepewa upande wa kusini, mimi kaskazini. Kule kaskazini walikuwa wachimbaji wanne kwenye chumba cha pampu, na maji yalikuwa yanaingia. Msimamizi wa Kituo cha Akiba alizungumza haraka bila salamu.

"Tusekile, uko hewani?"

"Niko hewani," nilisema nikiwa jikoni, kwa sababu chumbani nisingeweza hata kusema neno. Nilikuwa na kishkwambi kinachonionyesha kila anachokiona fuko, na Lugano alikuwa chumbani kwenye kiti changu, kifaa cha kusikilizia sikioni, mikono yake juu ya vidhibiti vyangu. Kwenda Mwanjelwa na kurudi kwenye mvua ile watu wangekuwa wameshazama. Tulikuwa hatuna kingine cha kufanya ila tulichokifanya miaka yote: mimi namwambia Lugano, Lugano anampelekea baba yake.

"Mwambie aende kushoto," nilisema. "Chini ya lile bomba."

"Ameshaenda," Lugano alijibu.

Na kweli alikuwa ameshaenda. Sijawahi kuona uchimbaji wa namna ile. Nilikuwa natamka neno, Lugano anagusa kidogo, na prosesa inamalizia. Ilipima jiwe, ikalizunguka, ikaegemeza dari kabla mimi sijaona kwamba dari inahitaji egemeo. Kwa muda nilisahau hofu. Nilimsikia Lugano akinong'ona, "Hivyohivyo, baba, hivyohivyo," na mimi nikajikuta natabasamu peke yangu pale jikoni kama mwendawazimu.

Bomba la sauti la fuko likagusa ukuta wa chumba cha pampu. Sauti ya mwanamke ikaja.

"Mnatusikia?"

"Tunawasikia, dada," nilisema. "Mnaendeleaje huko?"

"Maji yako magotini. Kuna mwenzetu kaumia mguu, tumempandisha juu ya pampu. Njooni jamani."

Kati yetu na wao ulikuwa umebaki mwamba mmoja wenye ufa. Kwenye gemu nimeupasua mwamba wa hivyo mara nyingi. Unaingiza ukucha ndani ya ufa wenyewe, unausukuma kwa nguvu, mwamba unagawanyika, nusu moja inalala kushoto na kukushikia dari. Ni hatari, lakini kuzunguka kunachukua muda ambao wale watu hawakuwa nao.

"Lugano, mwambie aingie kwenye ufa."

Ukucha ulisogea, ukaugusa ufa, ukarudi.

"Aingie, nimesema."

"Namsukuma! Anarudi mwenyewe."

Nilielewa. Mzee alikuwa mtu wa tahadhari. Alifunza miaka yote bila kugusa kitu chenye ufa, na ndiyo maana kazi zake hazikuharibika. Sasa kila Lugano aliposukuma, prosesa ilikisia kwamba mtu mwenye akili angeurudisha mkono, ikaurudisha. Lugano hakuwa na ujuzi wa kubishana nayo. Neno langu likimfikia, yenyewe ilikuwa imeshatangulia.

Mara ya nne fuko aliacha kabisa ule ufa, akaanza kuzunguka mwamba kwa upande wa kulia, taratibu, kwa ustadi mkubwa.

"Maji yako kiunoni," mwanamke alisema. Sasa alikuwa halii wala haombi, anatoa taarifa tu, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi.

Nikaweka kishkwambi chini, nikaenda chumbani.

Nilipokanyaga kizingiti tu, makucha yalinyanyuka. Kwenye kioo mwamba ulibaki vilevile, na maji yalikuwa yanachuruzika kwenye ufa. Lugano aligeuka. Aliniangalia kana kwamba nimeingia na panga.

"Tuse, toka. Anazunguka, atafika."

"Atafika wakiwa wamekufa."

"Hujui hilo."

"Najua. Hii ndiyo kazi yangu, Lugano, najua."

Kanuni ya Akiba iko wazi: kwenye uokoaji dereva anaruhusiwa kufuta chochote kilichomo kwenye mashine yake. Sikuhitaji ruhusa ya mume wala ya mama mkwe. Kidole changu kimoja kingetosha. Lakini sikukisogeza. Yule mzee hakuwahi kunikosea. Alinipisha mlangoni, alinipisha uani, alinipisha maisha yake yote, na hata sasa akiwa amebaki chembe ya joto ndani ya kipande cha madini, alichokuwa anafanya ni kunipisha. Nimfute kwa adabu yake?

"Mama alikuwa anamsikiliza kila siku," Lugano alisema. "Mwaka mzima hajalia, unajua hilo? Anasema alie nini na mzee yuko kazini. Nitamwambia nini?"

"Sijui."

"Nitamwambia nini, Tuse?"

"Sijui, mume wangu. Sijui kabisa."

Kwenye spika yule mwanamke alikuwa anazungumza na mwenzake. "Nishike shingoni. Shika vizuri. Usiachie."

Lugano aliisikia. Nilimwona inavyomwingia. Alifumba macho, akafumbua, akakigeukia kioo, na mkono wake ukaanza kutafuta ule ukurasa wa kufuta. Nilitaka kumwambia aniachie mimi, maana mtoto hapaswi kupewa kazi hiyo. Kompyuta iliuliza kama ana uhakika.

"Baba," alisema, "samahani. Kuna watu."

Akabonyeza.

*

Hakuna kilicholia wala kuzimika. Makucha yalishuka tu, yakakaa kama makucha ya mashine yoyote. Lugano akanyanyuka kwenye kiti, mimi nikakaa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kompyuta ikanitii. Ilikuwa nzito kidogo, kama fundi alivyosema. Mkono wangu ulitangulia, yenyewe ikafuata. Lakini viini vyote vilikuwa vyangu. Nikaingiza ukucha kwenye ufa, nikasukuma.

Mwamba ulikataa. Nikasukuma tena huku natukana matusi ambayo sitayaandika hapa. Namba za mzigo zikawa nyekundu, dari ikamwaga kokoto juu ya fuko, Kituo wakaanza kupiga kelele kwamba nirudi nyuma. Sikurudi. Mwamba ukapasuka katikati, nusu yake ikalala kushoto, ikashika dari, na maji ya chumba cha pampu yakatumwagikia kwa kishindo. Nyuma ya maji kulikuwa na taa ya kofia.

Wa kwanza kutoka alikuwa yule aliyeumia, ameshikilia shingo ya mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Mwanamke mwenyewe alikuwa wa mwisho. Alipopita mbele ya jicho la fuko alilipiga kofi, kama mtu anavyompiga kofi la shukrani ng'ombe aliyelima vizuri. Wote wanne walifika juu wakiwa hai.

Niligeuka kumtafuta Lugano. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, miguu ameinyoosha. Nilikaa karibu naye. Nilitaka kumshukuru, lakini ningemshukuru kwa lipi, kwa kumfuta baba yake? Nilimshika mkono, naye akaniachia nimshike.

Simu yake ilipolia tulijua ni nani. Redio ilikuwa imeshatangaza. Lugano aliitazama simu ikilia hadi nikaona hawezi kuipokea, nikaipokea mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia!" Mama mkwe alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu msibani. "Wametaja jina lako kabisa. Wanne wote wazima! Nimewaambia majirani hapa, yule mzee hamumjui tu. Haya niambie, alifanya kazi vizuri?"

Lugano alikuwa ananitazama. Macho yake yalikuwa yanasema mwambie ndiyo. Na ndiyo isingekuwa uongo mtupu. Alifanya kazi vizuri mpaka kwenye ufa. Ningeweza kusema hivyo na kunyamaza. Angekuja Jumapili, angekaa kwenye kile kiti, angesikiliza feni ya prosesa tupu na kufurahi hadi mwisho wa siku zake.

"Alifanya vizuri sana, mama," nilisema. "Alitufikisha karibu. Halafu palikuwa na mwamba, na ilibidi…" Niliubana mkono wa Lugano. "Ilibidi afutwe, mama. Hayupo tena."

Upande wa pili nilisikia kuku wake wakilia uani.

"Nani amemfuta?"

Lugano aliinamisha kichwa.

"Mimi," nilisema. "Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Wewe." Alivuta pumzi. "Wewe, mwanangu, uliyekuwa huwezi hata kukitazama kivuli chake? Acha. Nakujua. Mpe simu mwenzio."

Nilimpa. Lugano aliiweka sikioni. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kumsikia mama yake vizuri.

"Pole, baba," alimwambia, kama anavyoambiwa mtu aliyefiwa. "Pole sana. Njooni nyumbani basi, tulie."